Nani Ataezeka Paa? Jumba la Wakubwa Katika Mchezo na Katika Historia

Kila Jumamosi jioni wanafunzi watano tunakutana katika chumba cha kupanga hapa Ntinda, si mbali na barabara ya Stretcher, kucheza mchezo ambao wazazi wetu hawajauelewa hadi leo. Hauna mpira wala karata. Una dadu, karatasi, penseli na maneno. Mmoja wetu ni msimulizi: yeye hubuni nchi, vita, masoko na majini. Wanne waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, ambaye humsemea na kumwamulia mambo. Ukitaka mhusika wako aruke mto au amdanganye mlinzi wa lango, unarusha dadu yenye nyuso 20, nayo ndiyo inayosema kama ameweza. Michezo ya aina hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Sisi imetufikia kwa intaneti na duka la fotokopi.

Mwanzoni mwa muhula uliopita msimulizi wetu alitupa kazi. Wahusika wetu walikuwa wamepanda daraja, na kila mmoja sasa alikuwa mrithi wa ukoo wa kitukufu. "Wiki ijayo," akasema, "kila mtu alete jumba la ukoo wake. Nataka mchoro. Nataka jumba ambalo mgeni akiliona kwa mbali atajua amefika kwa wakubwa."

Insha hii inaeleza nilivyolitafuta jumba hilo. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua mwezi mzima, ikanipeleka Kasubi, nusura initenge na rafiki, na ikaniachia swali ambalo nadhani ni la historia zaidi kuliko la mchezo: jumba la wakubwa linaupata wapi ukubwa wake?

Ngome ambayo haikupigana

Jumamosi iliyofuata wenzangu wawili walileta picha moja bila kushauriana. Ilikuwa Neuschwanstein, ile ngome nyeupe yenye minara iliyo juu ya mwamba kusini mwa Ujerumani. Tulicheka. Kila mmoja alikuwa ameandika kwenye utafutaji maneno yanayofanana, na kila mmoja akapewa ngome ile ile. Mtu akisema "jumba la kale la wakubwa", mashine za intaneti humwonyesha mnara wa mawe, mlima na ukungu.

Nilipoisoma historia yake nilishangaa. Ngome hiyo si ya kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1869, wakati mizinga ilikuwa imeshaziondolea ngome za namna hiyo maana yoyote ya kivita. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, aliyeijenga, alimpa kazi ya kuchora sura yake Christian Jank, ambaye alikuwa mchoraji wa mandhari za jukwaani. Yaani sura ya ngome ilitoka kwenye tamthilia. Na mfalme mwenyewe alikuwa ameanza kuwa mfalme wa tamthilia: Bavaria ilishindwa na Prussia mwaka 1866, na mwaka 1871 ikaingia katika dola mpya ya Ujerumani chini ya Kaisari mwingine. Ludwig alijenga ukuta mrefu wakati ule ule mamlaka yalipokuwa yakimtoka mikononi. Mwaka 1886 alitangazwa kuwa hawezi tena kutawala, akafa siku chache baadaye katika ziwa, na jengo lilikuwa bado halijakamilika. Wiki chache tu baada ya kifo chake watu walianza kulipa kiingilio ili walione.

Kwa hiyo picha tunayoichukua kuwa kielelezo cha jumba la kale ni yenyewe mchezo wa kuigiza. Niliwaambia wenzangu hivyo, nao wakaniuliza swali la haki: "Sawa, wewe umeleta nini?"

Nyumba tatu za miaka ile ile

Mimi nilikuwa nimeleta Kasubi.

Nilitaka jumba la kwetu, na sikuona sababu ya kwenda mbali. Ukitoka Ntinda, ukapita Bukoto na Wandegeya, ukashuka Nakulabye, unafika mlima wa Kasubi kwa taksi mbili kama foleni ni nzuri. Katika kitabu nilikuwa nimesoma kwamba Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri lake hapo mwaka 1882. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni ya duara, upana wake wa nje ni kama mita 31, na kimo chake ndani ni mita 7.5. Paa lake la nyasi linashuka karibu kugusa ardhi. Nilipolinganisha tarehe nilifurahi sana, kwa sababu niliona kwamba nyumba tatu mashuhuri zilikuwa zikijengwa karibu wakati mmoja. Kasubi ni ya 1882. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash kule Unguja ni ya 1883. Na wakati huo Neuschwanstein ilikuwa bado na mafundi. Wenye nyumba hizo tatu walikufa katika muda wa miaka minne: Muteesa mwaka 1884, Ludwig 1886, Barghash 1888.

Basi nilichora. Niliweka uzio wa matete, nikaweka lango, nikaweka ile nyumba kubwa katikati. Ndani nilichora nguzo na, nyuma ya pazia la nguo ya magome, nikaandika kwa penseli nyekundu: "Chumba cha kulala cha mhusika wangu. Hazina iko chini ya kitanda."

Rafiki yetu mmoja, Muganda, ambaye kwa kawaida ndiye anayecheka kuliko sote, aliushika mchoro ule akanyamaza. Kisha akauweka chini. "Umemlaza mtu wako juu ya makaburi," akasema. Akachukua mkoba wake akaondoka, na usiku huo hatukucheza.

Nusu ya sentensi

Kosa langu lilikuwa la kusoma nusu ya sentensi. Ni kweli Muteesa alijenga kasri Kasubi mwaka 1882. Lakini alipokufa mwaka 1884 alizikwa humo humo, na kasri likawa kaburi.

Jambo hilo lilikuwa geni katika desturi ya Buganda. Kabla yake, mfalme alipokufa taya lake lilitengwa na mwili, likawekewa nyumba yake ya heshima, na mwili ukazikwa mahali pengine. Mfalme mpya alihama akajenga makao mapya katika mlima mwingine. Muteesa alizikwa mzima, nyumbani kwake, na waliomfuata wakaletwa pale pale. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili alizikwa pale mwaka 1939. Edward Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969, akarudishwa mwaka 1971. Nyumba moja ina wafalme wanne. Nyuma ya pazia la nguo ya magome, mahali nilipoweka kitanda, Waganda husema kuna msitu ambao wafalme wameingia. Wao hawasemi kwamba Kabaka amekufa.

Wiki ile nilikwenda Kasubi peke yangu. Nilivua viatu kama wageni wote, nikaketi chini. Mwongozaji alitueleza kuhusu paa, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa nyumba ile. Ndani ya paa kuna pete 52 zilizofungwa kwa matete, zikisimamia koo 52 za Baganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, nao wana miiko yao wakati wa kazi. Kuzipamba pete ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Nguo ya magome hutoka kwenye mti wa mutuba, na fundi wake mkuu wa kifalme, Kaboggoza, hutoka ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji. Makaburi yenyewe yana Nalinya, mwanamke wa nasaba ya kifalme, ambaye ndiye mwenye nyumba.

Nilikwenda nikitarajia kupewa vipimo vya jengo, na nilichopewa ni orodha ya watu na kazi zao. Nyumba ile ukiiangalia kwa macho ya mjenzi ni miti, matete na nyasi, vitu ambavyo mvua na mchwa huvimaliza. Ukuu wake ni kwamba kila inapochakaa kuna watu wanaojulikana kwa majina ya koo zao ambao wana haki, na wana wajibu, wa kuja kuirekebisha. Mgeni wa zamani aliyeliona paa lile hakuambiwa tu kwamba Kabaka ni tajiri. Aliambiwa kwamba koo zote zimekubali kuwa chini ya paa moja.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua. UNESCO, iliyokuwa imeiorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 2001, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha hiyo. Kama ukuu ungekuwa katika nyasi zenyewe, ungekwisha usiku ule wa moto. Ulibaki kwa sababu waliojua kuezeka walikuwa bado hai, na walijua kwamba ni zamu yao.

Nyumba ya maajabu na bei yake

Sitaki msomaji adhani kwamba nilitoka Kasubi nikiamini kuwa nyumba za nyasi ni za haki na nyumba za mawe ni za dhuluma. Mambo si mepesi hivyo. Ndiyo maana niligeukia Unguja.

Beit al-Ajaib ina sura ambayo mchezaji yeyote angeipenda: ghorofa zenye roshani pande zote, nguzo za chuma, milango mikubwa iliyochongwa, na uso wake unatazama bahari. Barghash aliwahi kufukuziwa Bombay baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake Majid, na mwaka 1875, akiwa tayari sultani, alitembelea London. Aliona miji, na aliporudi alitaka mji wake ufanane na alivyoona. Nyumba hiyo ilikuwa ya sherehe na mapokezi, na watu waliiita ya maajabu kwa sababu ilikuja kuwa na taa za umeme na lifti wakati ambapo vitu hivyo havikujulikana katika sehemu zetu. Baharia aliyeingia bandarini aliiona kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Lakini fedha ilitoka wapi? Ilitoka katika ushuru wa bandari, pembe za ndovu na karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Barghash mwenyewe aliutia sahihi akishinikizwa na Waingereza. Utumwa wenyewe ukabaki halali hadi mwaka 1897. Nyumba ya maajabu ilipojengwa mwaka 1883, katika mashamba ya karafuu watu walikuwa bado wanachuma bila kuwa na hiari ya kuondoka. Na baadhi ya watu waliouzwa Pwani walitoka huku kwetu: wafanyabiashara wa Pwani walifika Buganda tangu miaka ya 1840, wakaleta nguo na bunduki, wakaondoka na pembe na watu. Kasri la Muteesa na kasri la Barghash yalikuwa ncha mbili za njia moja. Mikono ya Kasubi nayo haikuwa safi.

Barghash naye alijenga wakati mamlaka yanapungua. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kumwachia visiwa na ukanda mwembamba wa Pwani bara, wakagawana yaliyobaki. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikayapiga mizinga makasri ya sultani, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Beit al-Ajaib ilisalimika wakati jirani zake wakiporomoka. Kilichoiangusha kwa sehemu kilikuwa uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, upande wake mmoja ulianguka na mafundi wawili wakafa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka swali la Kasubi. Jengo la mawe haliombi kuezekwa kila baada ya miaka michache, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba nalo linahitaji mtu wa zamu. Waswahili wamelijua hilo kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya majumba ya Pate na kuwauliza wenyewe wako wapi. Na kule Kilwa, Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane, linaonekana halikukamilika kamwe. Ibn Battuta alimtembelea sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, mwaka 1331. Alichokisifu zaidi kwa mwenyeji wake ni ukarimu, kiasi kwamba sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kasri limebaki gofu, lakini jina lile bado tunalisoma.

Kwa Jajja

Baada ya wiki mbili nilimtafuta rafiki yangu nikamwomba radhi. Alikubali, lakini akasema maneno yangu hayatoshi kwa sababu yeye si mwenye makaburi. "Twende kwa Jajja," akasema. Bibi yake anaishi upande wa Kigoowa, katika nyumba ndogo yenye migomba nyuma. Njiani tulipita karibu na mtaa ambao watu wa hapa huuita Kijiji cha Mawaziri. Napita pale kila siku nikienda kununua rolex ya asubuhi, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilijiuliza nimeona nini. Nimeona kuta, mageti na nyaya. Nyumba zenyewe sijawahi kuziona vizuri. Huenda wakubwa wa leo wanataka tujue wapo bila kujua wanavyoishi.

Tulipofika, rafiki yangu alipiga magoti kumwamkia bibi yake. Mimi nimezaliwa Busia, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na mpakani, na kwa haraka ulimi uliniponyoka: "Shikamoo, Jajja." Uso wake ulibadilika. Akasema kitu kwa Kiganda, na rafiki yangu alinitafsiria baadaye: "Huyu ni mtoto wa nani anayeniamkia kwa lugha ya askari?"

Mwaka 1966 Jajja alikuwa msichana akiishi kwa shangazi yake Ndeeba, karibu na Lubiri ya Mengo. Asubuhi ya tarehe 24 Mei jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri. Anakumbuka milio ya bunduki tangu alfajiri, na mvua kubwa, na sauti za wanaume barabarani wakiamuru watu kwa Kiswahili. Kabaka Muteesa wa Pili aliruka ukuta akatoroka, akafika London kupitia Burundi, na hakurudi akiwa hai. Mwaka uliofuata falme zote zilifutwa, na hazikurudishwa hadi mwaka 1993. Lubiri ilifanywa kambi, na wakati wa Amin watu waliteswa na kuuawa humo. Kwa watu wengi wa kizazi chake Kiswahili hakikuja na mashairi. Kilikuja na kitako cha bunduki mlangoni.

Nilijaribu, kwa Kiganda changu kibovu na kwa msaada wa rafiki, kumweleza nilichojifunza darasani: kwamba Kiswahili kilikuwa ndani ya kasri kabla ya askari wale kuzaliwa. Muteesa wa Kwanza alikijua. Mwaka 1875, Stanley alipoondoka Buganda, alibaki kwake kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, akawa mwalimu na mwandishi wa Kabaka. Jajja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo ni ya kwenu mliosoma. Mimi nilisikia nilichosikia."

Sikuwa na jibu, na sidhani nilipaswa kuwa nalo. Tunaosoma Kiswahili katika nchi hii, ambayo tangu mwaka 2005 imekiandika katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, tunapenda kusema kwamba ni lugha ya umoja. Ni vizuri tukumbuke kuwa kuna watu wanaotusikia tukisema hivyo na wana sababu ya kunyamaza.

Nilimwonyesha mchoro wa pili, ambao niliuchora upya bila makaburi: kilima, uzio wa matete, lango, nyumba kubwa ya duara. Nilimwuliza kama kuna kosa. Aliusogeza mbali kidogo apate kuona vizuri, akauliza maswali matatu.

"Watu wako wapi? Umechora nyumba tupu."

"Nani anakata matete, na nani anaezeka paa?"

"Na njia ya nyuma iko wapi? Mkubwa asiye na njia ya kutokea, hiyo si nyumba, ni mtego."

La tatu aliliuliza bila kutabasamu, na sote tulijua alikuwa anaufikiria ukuta upi.

Jumba nililochagua

Jumba nililolipeleka kwa msimulizi, mwezi mmoja baada ya muda kupita, si Kasubi wala Beit al-Ajaib. Linachukua mantiki ya Lubiri bila kuchukua vitu vyake vitakatifu. Liko juu ya kilima. Lina uzio wa matete na lango ambapo moto huwaka usiku na mchana. Lina mlango mdogo wa nyuma ambao mahali pake panajulikana na mimi na msimulizi tu. Na badala ya ukurasa mmoja wa vipimo, nilileta ukurasa mmoja wa wajibu. Koo sita za nchi yetu ya kubuni zina kazi sita: kukata matete, kuezeka, kutunza moto, kutengeneza nguo, kulinda lango na kupokea wageni. Kila ukoo una kitu unachodai kwa mhusika wangu kwa kazi hiyo: ardhi, ulinzi, au nafasi ya kukaa karibu naye barazani.

Msimulizi aliupenda ukurasa ule, kwa bahati yangu mbaya. Akatunga sheria: kila mwezi wa mchezo nirushe dadu kwa kila ukoo, na kama nimeuvunjia ukoo ahadi, dadu yake inapunguzwa. Ukoo ukikataa kuja, sehemu yake ya nyumba inaharibika. Kisha akawageukia wenzangu wenye ngome za mawe. "Na ninyi," akawaambia, "niandikieni nani alichonga mawe hayo, nani aliyabeba, na alilipwa nini." Mmoja aliandika "wafungwa wa vita" bila kufikiri sana. Tangu hapo wafungwa hao wamekuwa wahusika katika hadithi yetu, na wana mpango wao.

Hitimisho

Nikilirudia swali nililoanza nalo, naona kwamba nyumba tatu za miaka ya 1880 zinajibu kwa njia tatu. Neuschwanstein ilitafuta ukubwa katika kimo na katika ndoto ya zamani ambazo hazikuwa zake. Beit al-Ajaib iliutafuta machoni pa mgeni anayeingia bandarini. Kasubi iliutafuta katika idadi ya watu wenye zamu chini ya paa lake. Zote tatu zilijengwa na watawala waliokuwa wakiona mamlaka yakitikisika: mmoja amemezwa na dola kubwa, mmoja amezungukwa na manowari, na mmoja, Muteesa, akiwa mgonjwa huku Wamisri, wamisionari na wafanyabiashara wakimvuta kila upande. Sisemi kwamba ni kanuni. Nasema tu kwamba ukiona jumba kubwa sana, si vibaya kuuliza mwenyewe alikuwa anaogopa nini.

Na kwa mwanafunzi wa historia nadhani swali la Jajja linafaa zaidi kuliko la msimulizi wetu. Msimulizi aliuliza mgeni ataona nini akitazama kwa mbali. Jajja aliuliza nani anaezeka. Swali la kwanza linajibiwa na picha. La pili linamlazimisha mtu kutafuta majina, kazi, malipo, na wale ambao hawakulipwa.

Mwezi uliopita nilirudi Kigoowa na rafiki yangu, tukiwa na mkate na sukari. Safari hii nilimwamkia Jajja kwa Kiganda nilichokuwa nimekariri njia nzima. Aliitikia, akauliza habari za jumba langu.

Nilimwambia ukweli. Katika mchezo nilikuwa nimechukua shamba la waezekaji ili nipate fedha ya kununua farasi, dadu ikaniangukia vibaya, na msimu wa mvua ulipofika paa likaanza kuvuja juu ya kitanda cha mhusika wangu.

Rafiki yangu alimtafsiria. Jajja hakushangaa hata kidogo.

"Basi rudisha shamba," akasema. "Mvua haijaisha."